Laptopu ya Zamani Imegoma Kuwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni ya mwenye laptopu ya miaka mitano, kumi au zaidi, ambayo jana ilifanya kazi na leo ukibonyeza kitufe inakaa kimya. Yanaanza na mambo yasiyohitaji bisibisi na kuishia na yale ya kumwachia fundi. Fuata mpangilio huo hata kama una hakika kwamba tatizo ni betri. Wengi wenye hakika hiyo hununua betri mpya, kisha wanakaa na betri mpya na mashine ileile iliyozima.

Nianzie wapi?

Anza kwa kutazama na kusikiliza. Chomeka chaja, bonyeza kitufe mara moja, usikiachie haraka sana, kisha angalia. Kuna taa yoyote inayowaka, iwe ya chaji au ya kitufe chenyewe? Feni inazunguka, hata kwa sekunde moja? Taa ya Caps Lock inaitika ukiibonyeza? Umesikia mlio?

Kama hakuna taa wala feni, umeme haufiki unakotakiwa: shida iko kwenye chaja, tundu la chaja, betri, kitufe, au saketi za umeme kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani. Kama taa zinawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, umeme unafika, ila mashine imekwama njiani; hapo washukiwa ni RAM (kumbukumbu ya muda), kioo, chipu ya michoro inayotengeneza picha, au BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows). Kama nembo ya kampuni inatokea halafu Windows haifunguki, mashine yako inawaka vizuri tu. Hilo ni tatizo la diski au la mfumo endeshi, na majibu yake hayamo humu.

Mtu akimwambia fundi kwamba mashine "imekufa" bila kusema iko kwenye fungu lipi, anamlazimisha aanze upya kazi ambayo yeye mwenyewe angeimaliza kwa dakika mbili.

Taa ya chaja inawaka. Si ina maana kwamba chaja ni nzima?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Ile taa ndogo inaonyesha tu kwamba kuna volti kidogo ndani ya chaja. Haisemi kama chaja inaweza kubeba mzigo. Chaja iliyochoka inaweza kuonyesha volti sahihi ikiwa haijachomekwa popote, kisha volti hizo zikaporomoka mara tu laptopu inapoanza kuvuta umeme.

Kabla ya yote jaribu soketi nyingine ya ukutani, bila kupitia waya wa nyongeza. Kisha jaribu kubadilisha ule waya unaotoka ukutani hadi kwenye chaja. Mara nyingi unachomoka, na huchakaa peke yake wakati chaja yenyewe ni nzima.

Ukiwa na mita ya kupimia volti (multimita), soma kwanza maandishi ya nyuma ya chaja. Laptopu nyingi za zamani hutumia kati ya volti 19 na 20. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Ya volti 19.5 na ampea 4.62 ni ya wati 90. Pima kati ya sehemu ya ndani ya plagi na ya nje. Namba ikiwa karibu na ile iliyoandikwa, chaja imefaulu nusu ya mtihani. Nusu nyingine utaijua kwa kuijaribu kwenye mashine nyingine inayolingana nayo.

Kuna mitego miwili. Chaja nyingi za Dell na HP zina pini nyembamba katikati ya plagi. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Kwa hiyo pima kati ya bati la ndani na bati la nje, usiiguse pini. Ikikatika, kwa kawaida laptopu bado itawaka ila itagoma kuchaji betri, na huenda ikafanya kazi polepole kupita kiasi. Mtego wa pili ni chaja za MagSafe za Apple, zinazonata kwa sumaku, na zile za USB-C. Hizi hazitoi volti zake kamili mpaka ziwasiliane na mashine, kwa hiyo mita ikionyesha namba ndogo usiitupe chaja.

Chaja ya mwenzangu inaingia kwenye tundu la laptopu yangu. Niitumie?

Plagi kuingia hakutoshi. Volti ziwe zilezile. Ampea ziwe sawa na za chaja yako au zaidi. Zikizidi hakuna madhara, kwa sababu laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, chaja itachemka au itajizima. Angalia pia ule mchoro mdogo wenye alama za kujumlisha na kutoa: zote mbili ziwe na mpangilio mmoja.

Nikichomeka chaja kwenye laptopu, taa ya chaja inazimika. Nikichomoa inawaka tena. Hii ni nini?

Ni dalili nzuri kuipata, kwa maana inasema mengi. Chaja imekutana na njia ya mkato ya umeme, kile mafundi wanachokiita shoti, na imejizima ili kujilinda. Jaribu kwanza chaja nyingine inayofaa. Ikizimika vilevile, shoti iko ndani ya laptopu: ama kwenye tundu la chaja lililopinda ndani, ama kwenye mazabodi.

Kwenye mazabodi, mara nyingi anayelaumiwa ni kapasita (kipande kinachotunza chaji) ndogo ya kauri, yenye ukubwa wa punje ya mtama, iliyoko kwenye njia kuu ya umeme. Ikipasuka ndani kwa joto la miaka mingi, inageuka kuwa waya uliounganisha umeme moja kwa moja na ardhi, na laptopu nzima inasimama kwa ajili yake. Wakati mwingine ni zile transista za kwanza baada ya tundu la chaja. Fundi mwenye vifaa huingiza volti ndogo sana, kama volti moja, kwenye njia hiyo na kutafuta kipi kinapata moto, kwa kamera ya joto au kwa kupaka alkoholi na kuona inakauka wapi kwanza. Kipande chenyewe ni cha bei ya chini mno. Unacholipia ni jicho na mkono.

Ndiyo maana ninashuku kila ninaposikia fundi amependekeza kubadilisha mazabodi nzima kabla hajapima chochote.

Nimeambiwa nitoe betri na kubonyeza kitufe kwa nusu dakika. Hiyo si imani tu?

Inafanana na uganga, lakini ina sababu. Ndani ya kila laptopu kuna chipu ndogo inayodhibiti kibodi, feni, chaji na kitufe cha kuwashia. Chipu hiyo hailali: inaishi maadamu kuna betri au chaja, hata laptopu ikiwa imezimwa. Ikichanganyikiwa, kwa mfano baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla, inaweza kuacha kusikiliza kitufe. Kuzima na kuwasha hakuisaidii, maana kwa upande wake haijawahi kuzimwa.

Kinachotakiwa ni kuinyima umeme wote. Chomoa chaja, toa betri, ondoa kila kitu kilichochomekwa pembeni, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hadi 60. Kitufe kinasaidia kumaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita. Baada ya hapo chomeka chaja peke yake, bila betri, na ujaribu kuwasha. Ikiwaka, izime, rudisha betri, jaribu tena.

Hii ndiyo hatua ninayoipa kipaumbele kuliko zote. Haigharimu chochote, haiharibu kitu, na idadi ya mashine "zilizokufa" ambazo huamka hapo inashangaza.

Betri yangu iko ndani, haitoki. Nifanyeje?

Geuza laptopu uangalie chini. Baadhi ya laptopu za ThinkPad zenye betri ya ndani zina kitundu kidogo cha dharura. Chomoa chaja, ingiza kipini cha karatasi kilichonyooshwa, bonyeza polepole mpaka uhisi kitufe kimeingia, subiri dakika moja, kisha rudisha chaja. Kwenye MacBook za Intel zenye betri ya ndani, zile za kabla ya chipu ya usalama ya Apple iitwayo T2, shikilia Shift, Control na Option za upande wa kushoto pamoja na kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, kisha uachie vyote.

Kwa nyingine nyingi itabidi kufungua kifuniko cha chini na kuchomoa plagi ya betri kutoka kwenye mazabodi. Vuta plagi yenyewe, usivute nyaya. Skrubu za chini mara nyingi hazilingani urefu, kwa hiyo zipange kwenye karatasi kwa namna zilivyokuwa; skrubu ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa mazabodi.

Inawaka kwa chaja peke yake, lakini nikirudisha betri inagoma. Au kinyume chake.

Ikiwaka bila betri, betri ndiyo yenye kasoro: seli zake au ule ubao mdogo wa ulinzi ulio ndani yake. Unaweza kuendelea kutumia laptopu bila betri huku ukitafuta nyingine, ila umeme ukikatika kazi yako nayo inakwenda.

Ikiwaka kwa betri lakini chaja haina athari, angalia tundu la chaja. Litikise taratibu plagi ikiwa ndani. Kama taa ya chaji inawaka na kuzimika kadiri unavyotikisa, tundu limelegea au risasi ya kulehemu iliyolishikilia imepasuka. Kwenye laptopu nyingi tundu limeunganishwa kwa waya mfupi wenye plagi yake, na kulibadilisha ni kazi ya bisibisi tu. Kwenye nyingine limechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, na hapo unahitaji mtu anayejua kulehemu.

Betri iliyokaa kabatini mwaka mzima ni jambo jingine. Seli ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, ikishuka sana, ubao wa ulinzi hukata umeme na betri inaonekana imekufa. Iache kwenye chaja kwa saa kadhaa, ukiwa karibu, kabla ya kuikatia tamaa.

Betri imevimba. Naweza kuitumia kidogo wakati nasubiri nyingine?

Usiitumie. Usiitoboe, usiibane, usiichaji. Dalili zake ni kibodi au sehemu ya kugusa kuinuka, au kifuniko cha chini kutolingana mezani. Itoe kwa uangalifu bila kutumia kitu chenye ncha, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke panapokusanywa taka za betri. Laptopu yenyewe huenda ni nzima kabisa.

Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Kioo kimeharibika?

Huenda, lakini kioo hakiko mstari wa mbele. Fanya majaribio haya kwanza.

Ingia chumba chenye giza, washa mashine, na uelekeze tochi kwenye kioo kwa pembe. Ukiona picha hafifu, mashine inafanya kazi na kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Kwenye laptopu za kabla ya mwaka 2010 hivi, mwanga huo mara nyingi ni mrija mwembamba unaolishwa na kibao cha kupandisha umeme kinachotoa mamia ya volti, kwa hiyo usikiguse mashine ikiwa imewashwa.

Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje au runinga kwa waya wa HDMI au VGA. Picha ikitokea huko, shida iko kati ya mazabodi na kioo: mara nyingi ni waya wa kioo uliochoka kwenye bawaba. Isipotokea kokote, usibadilishe kioo. Kwenye laptopu nyingi za Dell kuna kipimo cha ndani: zima, shikilia herufi D, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia huku ukiendelea kuishikilia. Kioo kizima kitapitisha rangi moja baada ya nyingine, hata kama mashine haina uwezo wa kuwaka kikamilifu.

Na kuna jambo la kuchekesha kidogo. Laptopu nyingi hujua kuwa zimefungwa kwa kutumia sumaku iliyo kwenye kifuniko na kihisi kilicho chini ya kibodi. Ukiwa na bangili yenye sumaku, au ukiiweka laptopu juu ya nyingine iliyofungwa, mashine inaamini kwamba umeifunga na inazima kioo.

Inapiga milio, au taa ya Caps Lock inapepesa kwa mpangilio. Inasema nini?

Inakutajia tatizo. Hesabu milio au mipepeso, pamoja na mapumziko kati yake, kisha tafuta maana kwenye kitabu cha modeli yako. Usitumie orodha ya kampuni nyingine, kwa sababu hazilingani. Hata ndani ya kampuni moja mashine za miaka tofauti hutofautiana. Kwenye HP nyingi za zamani, kwa mfano, mipepeso mitatu ni RAM, minne ni chipu ya michoro na mitano ni mazabodi. HP za baadaye zina mpangilio mwingine.

Mashine inayopiga mlio kwa kawaida kichakataji chake kiko hai. Inayokaa kimya kabisa ndiyo yenye kazi.

Nijaribuje RAM?

Zima, chomoa chaja, toa betri. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Sukuma vile vibanio viwili vya pembeni, kipande kitainuka chenyewe, kisha kivute. Safisha meno yake ya dhahabu kwa raba nyeupe ya kufutia, pangusa vumbi la raba, rudisha kwa pembe kisha kandamiza mpaka kibane. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja, na kila kimoja katika kila nafasi. Kazi ni ya kuchosha lakini inatoa jibu la uhakika.

Ukinunua kipande kingine, angalia aina. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5 na DDR3L hutumia 1.35. Vinafanana kwa umbo, lakini laptopu zenye vichakataji vya Intel vya kizazi cha 4 zinahitaji DDR3L, na ukiweka ile ya kawaida hazitawaka. Nimeona mashine nzima ikihukumiwa kwa sababu ya kipande kisichofaa kilichowekwa wiki iliyotangulia.

Betri ndogo ya saa ikiisha, laptopu inaweza kugoma kuwaka?

Kwa kawaida haigomi. Itawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kukutaka ubonyeze kitufe fulani ili iendelee. Lakini mipangilio ya BIOS ikivurugika inaweza kukwama kabla ya picha. Betri hiyo, mara nyingi CR2032 ya volti 3, ukiichomoa kwa dakika chache pamoja na betri kubwa na chaja, BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Usitarajie ifute nywila ya BIOS kwenye mashine za kiofisi.

Inawaka sekunde chache kisha inazima.

Sikiliza feni. Isipozunguka, au ikizunguka na hewa haitoki, joto ndilo linaloizima. Safisha vumbi kati ya feni na mapezi ya shaba, maana huko vumbi hujikusanya likawa kama blanketi, na badilisha ile pasta ya kupitisha joto. Ikizima papo hapo, kabla joto halijapata muda wa kupanda, rudi kwenye RAM, kisha fikiria mazabodi.

Ilimwagikiwa na chai. Nimeiweka kwenye mchele. Nisubiri siku ngapi?

Itoe kwenye mchele. Mchele hautoi sukari wala maziwa kwenye mazabodi, na huacha unga. Kinachoua si maji, ni kutu inayoendelea kula shaba wakati betri bado imeunganishwa. Toa betri sasa hivi, fungua, na usafishe sehemu zilizoloa kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Usijaribu kuiwasha "kuona tu" kabla ya kufanya hivyo. Jaribio hilo moja ndilo linalochoma vipande vilivyokuwa bado vizima.

Kuna video zinazoonyesha mazabodi ikiokwa kwenye oveni na laptopu inafufuka. Ni kweli?

Ni kweli kwamba baadhi hufufuka, na ni kweli pia kwamba hufa tena, mara nyingi baada ya siku au wiki. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 196 za Marekani kwa ajili ya chipu za michoro za laptopu zilizokuwa na malighafi dhaifu ndani yake. MacBook Pro za mwaka 2011 zenye chipu za AMD nazo zilipata mpango wa kutengenezwa bure, ulioanza mwaka 2015. Kwenye chipu kama zile za Nvidia, ufa mara nyingi uko ndani ya chipu yenyewe, si kwenye risasi iliyo chini yake. Joto hurudisha mguso kwa muda. Ufa unabaki palepale. Tiba ni chipu mpya. Kwa laptopu ya umri huo, swali la haki ni kama inastahili.

Jambo moja tu ambalo "kuoka" linaweza kukufaa: kupata saa chache za kunakili mafaili. Lakini kwa hilo kuna njia bora zaidi.

Mafaili yangu yamepotea?

Karibu kila mara hayajapotea. Diski haijui kwamba mazabodi imekufa. Kwenye laptopu nyingi za zamani ni kisanduku cha inchi 2.5 kilichoshikwa na skrubu mbili au nne. Kitoe, kiunganishe na adapta ya SATA kwenda USB, na kichomeke kwenye kompyuta nyingine. Mashine za zamani zaidi zina diski ya IDE yenye pini nyingi, na adapta yake ni tofauti.

Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, ile programu ya Windows ya kufunga data kwa ufunguo, utahitaji ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ingia huko uutafute kabla ya kufanya lolote. Baadhi ya laptopu nyembamba, hasa MacBook nyingi za kuanzia mwaka 2016 na baadaye, zina hifadhi iliyochomelewa kwenye mazabodi. Hizo hazina diski ya kutoa, na kuokoa mafaili kunategemea kuifufua mazabodi yenyewe.

Nimejaribu yote. Nimwambie nini fundi?

Mwambie ulichokiona, usimwambie ulichokikisia. "Taa ya chaja inazimika nikichomeka, nimejaribu chaja mbili" ni sentensi yenye thamani kuliko "nadhani ni mazabodi". Mweleze kama ilimwagikiwa na kitu, hata kama ni miaka miwili iliyopita, na kama kuna mtu alishaifungua. Muulize anatoza kiasi gani kwa kupima peke yake, na kama ana vifaa vya kufanyia kazi mazabodi au anabadilisha tu vipande vizima. Kama diski inatoka na ulishaitoa, baki nayo nyumbani. Haihitajiki ili kupima kama mashine inawaka.